Uzi kwenye Mdomo wa Pango

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini ukiliuliza mtaani watu watakukodolea macho. Ulizia Popo. Hapo hata mtoto wa chekechea atakuelekeza kwenye karakana ya makochi, ile yenye mlango wa bluu, ambayo mbele yake hapakosi kochi moja lililovuliwa nguo, mbavu za mbao nje, likingoja kuvishwa upya. Ndani, katikati ya sponji na marobota ya vitambaa, utamkuta mwanamke aliyekwisha kuupita utu uzima kwa hatua chache, nyundo mkononi, misumari midogo mdomoni, akizungumza na kila anayeingia bila kuutema hata mmoja. Anavyoweza ni siri yake na daktari wake wa meno.

Jina la Popo alilipata ujanani, siku aliponasa kwenye kamba ndani ya pango, kichwa chini miguu juu, akacheka mpaka wenzake waliokuwa wakihangaika kumnasua nao wakaishiwa nguvu. Maana fundi wetu ana ugonjwa mmoja: anapenda mapango. Wengine hupenda mpira, wengine hupenda kujua ya jirani. Yeye siku ya mapumziko alivaa ovaroli, kofia ngumu na taa ya kichwani, akajipenyeza chini ya ardhi, akatoka jioni amejaa tope na furaha. Yeye na mume wa dada yake, aliyekuwa tarishi wa posta, ndio walioanzisha klabu ya mapango. Shemeji akawa mwenyekiti tangu mwanzo kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti, na Popo akawa kila kitu kingine. Dada mtu hakujiunga. "Mimi chini ya ardhi nitaingia mara moja tu," alisema, "tena kwa kubebwa."

Pango lao lilikuwa nje kidogo ya mji, na walilijua vizuri kuliko nyumba zao. Unaingia kwa mdomo wake, uwazi mpana chini ya mwamba. Unatambaa kwenye njia nyembamba waliyoiita Koo. Kisha unatokea Sebuleni, ukumbi mkubwa wenye sakafu nyeupe na mawe yanayoning'inia kutoka darini. Mikutano yao waliifanyia humo, na humo ndimo ilimozaliwa desturi yao ya kupiga kura, ambayo watu wenye akili zao wasingeibuni. Mwenyekiti anatamka pendekezo. Wote wanazima taa. Giza la pangoni si kama giza la usiku. Ukiinua mkono mbele ya macho yako, huna mkono. Kisha mwenyekiti anasema, "Anayekubali awashe." Anayekubali anawasha, asiyekubali anabaki gizani, na ni mwiko kumwuliza mtu baadaye kwa nini. Popo aliapa kwamba hakuna kura ya haki kushinda hiyo, kwa kuwa wakati wa kuamua hakuna anayekutazama usoni.

Halafu goti likamsaliti. Tena si kwa ushujaa wowote wa pangoni; aliteguka akishusha kochi la mteja kwenye ngazi. Daktari alimwambia atatembea, atapanda, atacheza hata muziki akipenda, ila kutambaa asahau. Popo alilia siku hiyo, na hakuona haya kuwaambia watu kwamba alilia. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijitengenezea kigoda cha kukunja, akakivika sponji nzuri, akawa mlinzi wa mdomo. Wenzake wakiingia, yeye anahesabu vichwa. Wakitoka, anahesabu tena, anawapa chai ya chupa na mkate, anawauliza habari za kila jiwe kama mtu anayeulizia ndugu. Na wakiwa ndani, alibaki na hewa yake.

Maana pango hupumua. Siku za joto hewa ya baridi hutoka ndani taratibu na kukupiga shavuni, ina harufu ya mawe na maji. Popo alikaa pale akiipokea. Koo hakuweza kulipita tena, Sebule hakuiona tena, lakini hewa iliyotoka huko ilimfuata alipo. Hicho ndicho kipande cha pango alichobakiziwa.

Mfuko wa kuhifadhi ardhi ulikuwa mtoto wake pia. Miaka ya nyuma, mabaki ya vitambaa yalipomjaa karakanani, alishona mito, akaiuza, akawatangazia wenzake, "Huu ni mfuko wa ardhi. Siku bibi mwenye shamba akilichoka lile shamba lenye mdomo, tunalinunua sisi, asije mtu akalifukia pango letu." Wakacheka, kisha wakaanza kuchangia. Haba na haba hujaza kibaba. Mito iliuzwa mpaka nusu ya mji ikawa imekalia hifadhi ya ardhi bila kujua.

Sasa siku yenyewe ikafika. Bibi mwenye shamba alitaka kuhamia kwa binti yake, na mnunuzi mwingine alikuwepo tayari, mfuga kuku, mtu mpole asiye na ubaya. Aliwaambia waziwazi, "Wanaoingia pangoni waingie, nitawaachia njia ya pembeni. Ila watu wa kukaa-kaa pale mdomoni sitaki. Viatu vinaleta magonjwa, na kuku wangu hawana bima." Klabu nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kukaa-kaa.

Shemeji aliitisha kikao karakanani, na kwa maoni yake hapakuwa na kikao. Ilikuwa kunywa chai na kupanga siku ya kwenda kupiga kura. Hapo ndipo mwanachama mmoja, muuguzi, aliponyoosha mkono. Alikuwa binti mwenye sauti ndogo na viwiko imara, ambaye Popo mwenyewe alimfundisha kutambaa, akamshonea na vya kuvaa magotini kwa ngozi iliyobaki kwenye kochi la mwanasheria.

"Samahani, mwenyekiti," alisema. "Mimi naona tusinunue mdomo."

Fundi bomba, mwanachama mwingine, aliyekuwa akipuliza chai yake, aliacha kupuliza. "Tununue nini? Tumbo?"

"Mteremko wa juu. Nao unauzwa."

Akaeleza. Juu ya pango palikuwa na mteremko ambao wamiliki wake walikwisha kuukata miti yote, ardhi imebaki kipara. Kila mvua ikinyesha, udongo ulibebwa na maji mpaka kwenye shimo lililo chini yake linaloyameza, na ukishaingia shimoni hauna pa kwenda ila ndani ya pango. "Koo linaziba," alisema. "Sasa hivi napita kwa kubana pumzi. Sebuleni sakafu haionekani tena. Tukinunua mdomo, mvua mbili tatu zijazo tutakuwa na mdomo wa nini? Tukinunua mteremko, tunapanda nyasi na miti, tunapanga mawe ya kuzuia udongo, maji yanashuka safi. Vyote viwili hatuviwezi, hela haitoshi."

Popo alitema misumari yote kiganjani. Waliomjua walijua hiyo si dalili njema.

"Mwanangu, tope lilikuwemo pangoni kabla bibi yako hajazaliwa. Pango lisilo na tope ni benki."

"Kile kiti chako cha jiwe, shangazi, ulichokuwa unakalia wakati wa kura. Kimezama. Kimebaki mgongo tu."

"Kiti changu hakizami."

"Ninayo picha kwenye simu."

"Picha za gizani hizo. Hata sura yangu huwa zinaikosea."

"Shangazi, tazama tu kidogo..."

"Nimekushonea mpaka vya magotini," Popo alisema, "ili uje uninyang'anye pa kukaa?"

Muuguzi aliinamisha kichwa, akabaki anazungusha kikombe. Neno likishatoka halirudi, na Popo alijua limemtoka baya, lakini alikuwa na kiburi cha watu wanaofanya kazi na nyundo. Fundi bomba akasema yeye yuko na Popo, aliyeanzisha mfuko ndiye ajuaye matumizi yake. Dada mtu, aliyekuwa mlangoni akisubiri mumewe amalize wapitie sokoni, hakuweza kunyamaza: "Wewe fundi bomba mzima! Maji ndiyo yanayokulisha, halafu leo unayakana?" Shemeji akafunga kikao kabla hakijafungwa na wengine.

Kesho yake Popo alifunga karakana mchana wa jua kali, akaenda pangoni peke yake. Alikwenda kununa, tuseme ukweli. Alitaka kukaa kwenye kigoda chake, mdomoni pake, apulizwe na hewa yake, ahakikishiwe kwamba yuko sahihi. Akakaa. Akangoja. Shavu halikusikia kitu.

Si kwamba jambo hilo lilikuwa geni. Tangu mvua zilizopita alikuwa ameona hewa imepungua, na lawama alikuwa ameipa ngozi yake. Uzee, alijiambia, unaanza kuchukua magoti, sasa unachukua mashavu. Lakini siku hiyo mkono wake uliingia mfukoni mwa aproni na kutoka na kipande cha uzi wa kushonea makochi, maana mifuko yake haikosi uzi. Akaushika ncha, akaunyoosha mbele ya mdomo wa pango. Enzi zile uzi kama huo ungelala kuelekea nje, ukichezacheza. Sasa ulining'inia. Akasogea ndani mpaka pale goti lilipokataa, akaunyoosha tena. Ukaning'inia vilevile, wima, kama uliofungiwa kijiwe.

Mwenye macho haambiwi tazama: Koo lilikuwa linaziba kweli. Popo aliukunja uzi, akaurudisha mfukoni, akakaa pale mpaka jua likapoa. Aliogopa. Kulikuwa na jambo moja tu la kweli mbele yake, nalo lilitaka kumfukuza mahali pekee alipokuwa bado mtu wa mapango, aende akawe fundi makochi mwenye goti bovu na hadithi za zamani. Mteremko ukinunuliwa, mfuga kuku atachukua shamba, wenzake wataendelea kuingia na kutoka, na hasara yote itamwangukia yeye peke yake.

Hakumwambia mtu. Alifanya hesabu yake ya kijanja. Binti amekwisha kusema, na wengi watamfuata binti, maana anachosema kina akili. Basi siku ya kura yeye atabaki gizani, wenzake watawasha, mteremko utapita, na Popo atakuwa ameshindwa kwa heshima. Si kwa mkono wake mwenyewe kutoa mahali pake. Kushindwa aliweza kukuvumilia; kutoa ndiko kulikomtisha.

Lakini kura yenyewe ingepigwa vipi? Sebuleni Popo hafiki, na nje kwenye jua taa haionekani. Shemeji alikuwa akikuna kichwa kuhusu hilo alipotokea muuguzi pale karakanani, bado ana sare ya kazini, akasimama mbali kidogo na meza ya kukatia.

"Kanuni yetu inasema kura ipigwe mahali pasipofika mwanga wa jua," alisema. "Haisemi lazima pango. Nimeangalia madirisha yako, shangazi. Kile kitambaa kizito cha makochi ya hoteli, tukikikunja mara mbili..."

Popo alimtazama. "Unajua lakini kura yangu si kura yako."

"Najua. Lakini kura bila wewe si kura."

Popo akageuka upesi kutafuta kitu kwenye rafu, kitu ambacho hakikuwepo. Aliporudi alimpa misumari. Ilikuwa ya mkebeni, si ya mdomoni. Walikuwa bado hawajapatana kiasi hicho.

Siku ya kura walifika wote, na ovaroli zao na kofia ngumu na taa, mpaka wapita njia wakasimama kuuliza kama jengo linabomoka. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa kitambaa cha hoteli, chekundu chenye maua. Fundi bomba akashika mlango akasema hapiti mtu kwa miguu. Mkutano usiotambaliwa si mkutano. Ikabidi wapange makochi mawili yakitazamana, meza ya kukatia juu yake, na kila mjumbe apite chini yake kwa tumbo. Mwenyekiti, ambaye tangu astaafu posta tumbo lake lilikuwa likipokea barua nyingi, alinasa katikati.

"Shemeji, toa pumzi!" Popo alimpigia kelele. "Toa yote, hiyo ya jana nayo!"

"Mwacheni humohumo," alisema dada mtu kutoka nje, "nipate siku moja ya amani."

Popo peke yake aliingia kwa mlango, ameshikwa mkono na muuguzi, na hakuna aliyeleta ubishi. Wakamkalisha kwenye kochi lililokuwa linangoja kitambaa. Alivaa kofia yake ya zamani yenye mikwaruzo. Mkanda wake ulimbana kidogo kidevuni, na moyo ulimdunda kama siku ya kwanza.

Mwenyekiti alikohoa, akatamka pendekezo: mfuko wa klabu wa kuhifadhi ardhi ununue mteremko, si mdomo. "Zimeni."

Taa zikazimika moja baada ya nyingine, mlango ukafungwa na kuzibwa kwa godoro. Giza lilikuja zuri, nene, giza la kweli. Popo aliinua mkono mbele ya macho yake, na hakuwa na mkono. Miaka yote hiyo alikuwa amelikosa giza hilo. Karakana ilinuka gundi na sponji, lakini kwa dakika hiyo angeweza kuapa kwamba yuko Sebuleni.

"Anayekubali awashe."

Popo akaituliza mikono yake mapajani, tayari kushindwa. Akasikiliza ile sauti ndogo ya swichi. Mtu alikohoa. Mtu mwingine alihamisha makalio. Mlio haukuja. Akangoja. Labda wanaoneana haya, alijiambia, labda wanamngoja binti aanze. Muuguzi alikuwa karibu naye kabisa; alisikia ngozi ya vile vya magotini ikilia akijisogeza. Hata huko, kimya.

Ndipo alipoelewa. Hakuna ambaye angewasha. Huyu binti, ambaye anajua Koo linaziba, ambaye ndiye aliyelileta pendekezo lenyewe, alikuwa amekaa gizani akilipigia kura ya kulikataa, na wengine wote pamoja naye. Walikuwa wamemnunulia mahali pa kukaa. Alikuja ashindwe, nao wamekataa kumshinda.

Kupendwa nako kuna uzito wake, na Popo aliusikia ule uzito kifuani. Ilikuwa rahisi kabisa. Angekaa kimya tu, mwenyekiti angesema pendekezo limekataliwa, na mwiko ungemlinda; hakuna ambaye angemwuliza kitu mpaka kufa kwake. Akaingiza mkono mfukoni atafute kitambaa cha kufutia macho. Vidole vikakutana na uzi.

Akainua mkono, akaipapasa taa ya kichwani, akawasha.

Mwanga ulikuwa hafifu, betri ya siku nyingi, lakini uliwafikia wote. Wamekaa juu ya makochi yasiyo na nguo, kofia ngumu vichwani, wanamtazama. Muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Shemeji alifungua kinywa, akakumbuka mwiko, akakifunga. Hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza Popo kwa nini, na yeye hakuruhusiwa kuwauliza wao, na labda ndiyo maana wote walianza kulia bila utaratibu.

"Washeni basi!" Popo alifoka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye mkanda wa kofia. "Betri mnamtunzia nani?"

Muuguzi akawasha. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka maua ya kitambaa cha hoteli yakaonekana yote ukutani. Fundi bomba alikuwa wa mwisho, akasema swichi yake ilikuwa imekwama. Mwenyekiti alifuta pua na kulalamikia vumbi la sponji. Popo akamvuta muuguzi kwa shingo, kofia zao zikagongana kwa kishindo, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya kusameheana.

Mteremko ukanunuliwa. Wakapanda nyasi, wakapanga mawe, wakapanda miti, na Popo aliwasimamia kwa ukali wa mtu anayevisha kochi la waziri. Mfuga kuku alichukua shamba lake kama alivyosema, akaweka uzio na njia ya pembeni. Popo hakwenda tena mdomoni. Siku wenzake walipokwenda pangoni yeye alifungua karakana, na siku hizo aligonga misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lilimuuma, na hakuwahi kusema halimuumi. Kigoda alikitundika ukutani.

Mvua zikaja, zikaisha, na maji yaliyoshuka safi yakaliosha Koo. Joto likarudi. Jioni moja wenzake walipotoka pangoni, muuguzi aliingia karakanani na ovaroli yake, akiacha nyayo za tope sakafuni. Asubuhi yake, kabla hawajaondoka, Popo alikuwa amemwita pembeni na kumwekea mkononi kipande cha uzi, akimweleza akishike wapi na akitazameje.

Sasa aliitoa misumari yote mdomoni, akaiweka mezani.

"Haya, sema."

"Umelala, shangazi."

"Umelala kuelekea wapi?"

"Nje. Unachezacheza hivi." Akamwonyesha kwa kidole.

Popo alijigusa shavu. "Na baridi ilikuwepo?"

Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza ametoka huko, na nyuso za watu wa mapango huchelewa kupata joto. Akainama, akaliweka shavu lake juu ya shavu la Popo, akaliacha hapo.